Habari za Katibu, Kisanduku cha Sauti na Herufi G

Njooni, enyi wenye masikio mawili na hata wenye moja lililo zima! Vuteni viti, zimeni jiko, mwambieni aliye bafuni aharakishe, maana habari ninayoileta haisimuliwi mara mbili kwa pumzi ileile. Sikuja kuwasimulia wafalme waliozama na majeshi yao, wala miji iliyochomwa ikabaki majivu; hayo wameyaandika wengine na sifa zao wamekwisha kuzipata. Mimi, mkazi wa ghorofa ya pili, mlango wa kushoto, niliyeyashuhudia haya yote nikiwa juu ya kiti cha plastiki chenye mguu mmoja mfupi, nimekuja kuwasimulia siku ambayo mwanamke mmoja, kwa mikono yake miwili na miwani yake ya kusomea, aliiunganisha simu yake na kisanduku cha kukuza sauti, na sauti ikatoka.

Msicheke. Hata wakati ule walikuwepo waliocheka, na mmoja wao nitamtaja.

Kwanza mjueni shujaa mwenyewe. Alikuwa Katibu wa Umoja wa Wakazi wa jengo letu, jengo la ghorofa tatu na milango minane, lenye ngazi moja inayoteleza na bomba moja linalolia. Kabla ya hapo alikuwa mpiga chapa wa ofisi ya ardhi kwa miaka thelathini na minne. Huyo ndiye Mwenye Vidole Kumi Visivyotazamwa, kwa kuwa hakuwahi kuinamisha macho kuitazama mashine alipokuwa akipiga. Ndiye Mlinzi wa Nukta na Mkato, ndiye Asiyeujua Wino Mweupe wa Kufutia. Mabosi saba walikuja wakamkuta na wakaondoka wakamwacha. Inasemekana mmoja wao, siku ya kustaafu, aliwashukuru wafanyakazi wote kwa ujumla, kisha akamgeukia yeye peke yake akasema, "Na wewe mama, asante kwa kunifanya nionekane nimesoma."

Sasa sikieni chanzo cha vita.

Jioni moja ya mvua kubwa, wakazi walikutana sebuleni kwa Katibu kujadili mambo ya jengo. Mvua ilikuwa ikipiga mabati ya banda la jirani kama watu mia wanaomwaga kokoto. Katibu aliandika kumbukumbu kwa kalamu, na kwa tahadhari aliiweka simu mezani irekodi. Baada ya siku tatu karatasi ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo chini ya ngazi, na kifungu cha sita kilisomeka hivi: *Paa la jengo litumike kwa kufua.*

Maneno sita. Kutokana na maneno hayo sita, amani ya milango minane ilivunjika.

Kwa maana kulikuwa na mtu ghorofa ya tatu, dereva mstaafu wa malori ya masafa marefu, mwenye sauti iliyozoea kushindana na injini, ambaye sote tulimwita Mzee Gia. Huyu, wiki tano baada ya mkutano, alipandisha bata sita juu ya paa. Bata hao walitembea kwa foleni kama maafisa wanaokagua gwaride, na katika ukaguzi wao wakapita juu ya shuka nne nyeupe za Mama Pacha, jirani yangu wa mlango wa kulia, mama wa mapacha wa miezi minane, ambazo upepo ulikuwa umeziangusha. Mama Pacha alishuka na shuka hizo mikononi, zikiwa na alama za nyayo kuanzia pindo hadi pindo, akazitandaza mbele ya mlango wa Katibu kama mtu anayewasilisha maiti.

Mzee Gia alipoulizwa, alisimama katikati ya ngazi, mkono mmoja juu ya chuma cha kushikilia, akahutubia jengo zima.

"Enyi watu wa ngazi hii! Mimi nilikuwepo mkutanoni, na masikio haya hayajalala tangu nilipopewa leseni. Nilisikia *kufuga*. Ku-fu-ga! Herufi G ilikuwepo, nzima, na afya yake. Leo nasoma ubaoni naona *kufua*. Je, G iko wapi? Nani kaila? Naomba Katibu afungue kinywa tuangalie!"

Watu wawili wakacheka. Mmoja alikuwa mimi, na ninaungama hapa mbele yenu.

Katibu alikuwa akipanda kutoka sokoni na kikapu cha mboga. Aliweka kikapu chini, akakunjua mgongo, akamtazama yule dereva kuanzia kandambili hadi kofia.

"Mzee Gia," alisema kwa sauti ya chini iliyofika hadi ghorofa ya tatu, "mimi nimeandika majina ya watu kwenye hati za viwanja. Pale herufi moja ikikosekana, mtu anakosa pa kulala. Miaka thelathini na minne sijaacha hata moja. Leo nianze kwa ajili ya bata wako?"

Mtaniuliza, kwa nini hakuulizwa Mwenyekiti, ambaye ndiye aliyelitamka neno lenyewe? Aliulizwa. Mwenyekiti wetu, mwalimu wa hesabu, mtu mpole anayependa kila mtu aondoke ameridhika, alivua miwani, akaipangusa kwa tai, akajibu, "Nilisema kile nilichosema, na mpaka sasa nakisimamia." Hakutoka na jibu lingine hata alipobanwa kwenye kona ya ngazi na Mama Pacha aliyebeba pacha mmoja kila upande.

Ndipo Katibu akatamka nadhiri. "Mkutano ule niliurekodi. Jumamosi saa tisa alasiri njooni kwangu, tusikilize. Nikionekana nimeacha herufi, ukatibu nauacha siku hiyohiyo, na mhuri atauchukua Mzee Gia mwenyewe."

Alisema hivyo, akainua kikapu, akaingia ndani na kufunga mlango. Na alipokuwa peke yake akaifungua simu asikilize, na moyo wake ukaanguka. Kwa kuwa kile kispika kidogo cha simu kilitoa mvua, mvua tupu, mvua ya kukaanga, na chini kabisa ya mvua hiyo sauti ya Mwenyekiti kama ya mtu aliyefungiwa kabatini: "…kufu…" Kisha kokoto. Akarudia mara ishirini. Mara ishirini mvua ikameza mwisho wa neno. Msifikiri halikumuuma. Aliniambia baadaye kwamba usiku wa Jumatano aliandika barua ya kujiuzulu, akaisoma, akakuta haina kosa hata moja, na hilo ndilo lililomliza.

Alhamisi alikuja kaka yake, fundi mitambo mstaafu wa kituo cha redio, mtu ambaye mifuko yake yote hulia chuma anapotembea. Alimletea vitu viwili. Cha kwanza, hedifoni za studio, kubwa kama bakuli mbili za supu zilizounganishwa kwa utepe wa ngozi. Cha pili, kisanduku cheusi cha chuma, kisichozidi pakiti ya sigara, chenye betri yake ndani, matundu, kifundo cha kuzungusha na taa moja ndogo.

"Dada," kaka alieleza, "hizi hedifoni zinataka nguvu. Simu yako haiwezi kuzisukuma, na isitoshe haina tundu la pini, siku hizi wameliziba. Basi kisanduku hiki kinaichukua sauti ikiwa bado ni tarakimu tu ndani ya simu, kinaigeuza iwe sauti ya kweli, halafu kinaisukuma masikioni. Utasikia hadi mtu aliyemeza mate. Jumamosi nitakuja nikufungie mwenyewe."

Lakini Jumamosi asubuhi kaka aliinama kuokota bisibisi, na kiuno kikakataa kunyooka. Hivyo shujaa wetu akabaki peke yake uwanjani.

Saa tisa kasoro dakika tano, jeshi lilikuwa limekusanyika. Mwenyekiti aliketi kwenye sofa chini ya saa ya ukutani. Mama Pacha alikaa sakafuni na wanawe. Mzee Gia alikataa kiti, akasimama karibu na dirisha, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri kukabidhiwa mhuri. Katibu alitoka chumbani amevaa gauni lake la bluu la kazini, ambalo hakuwahi kulivaa tangu astaafu. Juu ya meza alikuwa ametandika kitambaa cheupe. Simu kulia, kisanduku kushoto, hedifoni katikati, na kando yake daftari la kumbukumbu na kalamu.

Akavaa miwani. Akaivuta pini nene ya hedifoni na kuielekeza kwenye tundu la kisanduku. Ikaingia, ikalia *tak!* Mama Pacha akapiga makofi.

"Bado, mwanangu," Katibu alisema bila kugeuka. "Hilo ni lango la nje tu."

Akauchukua waya mweupe uliokuwa kwenye mfuko aliouacha kaka yake. Kichwa kimoja akakitia kwenye kisanduku, cha pili akakitia kwenye simu. Taa ya kisanduku ikawaka nyekundu kama jicho la aliyeamshwa vibaya. Simu ikatetemeka. Na kwenye kioo chake likatokea neno moja: *Inachaji.*

Oneni usaliti! Badala ya simu kukituma kisanduku, simu ilikuwa imekirukia shingoni na kuanza kukinyonya. Kile alichokileta kama mshirika kilikuwa kinatozwa ushuru mchana kweupe, asilimia kwa asilimia, mbele ya hadhara.

"Hongera, Katibu," ilisema sauti ya dirishani. "Simu itashiba. Ikishiba tutasikiliza nini, inavyocheua?"

Katibu aliuchomoa waya, akaugeuza kichwa kwa miguu, akauchomeka tena. *Inachaji.* Akauchomoa, akaupuliza, akaupangusa kwa pindo la kitambaa, akauchomeka. *Inachaji.* Jasho dogo likatokea juu ya mdomo wake, na saa ya ukutani ilisikika wazi.

Hapo Mwenyekiti, kwa mara ya kwanza katika vita hivi, alifanya jambo la maana: alitoa simu yake mwenyewe, akampigia kaka mtu, akaweka sauti ya wazi ili wote tusikie.

"Kaka, mambo hayaendi," Katibu alisema. "Inachaji tu."

"Huo waya umeutoa wapi, dada?"

"Si kwenye mfuko wako ulioniachia!"

"Mweupe, mwembamba?"

"Mweupe, mwembamba."

Upande wa pili mtu akagumia kwa maumivu ya kiuno. "Aa, dada yangu. Huo ni wa taa ya kusomea. Unapitisha umeme tu, maneno haupitishi. Unaotakiwa ni mweusi, mfupi, vichwa vyake vyote viwili vinafanana. Uko… ngoja." Akagumia tena. "Nauona. Uko hapa juu ya friji."

Ghasia iliyofuata ni ya kuandikwa kwa wino wa dhahabu. Kila mkazi alikimbilia kwake kutafuta waya. Mama Pacha alileta miwili, yote ya kichwa kipana. Mwenyekiti alileta mmoja uliotafunwa na kitu ambacho hakukitaja. Mimi nilishuka na waya wa printa, mnene kama mjusi, na nikarudishwa nao mlangoni kwa jicho moja tu la Katibu. Nyaya hizo zikalala juu ya meza kama majeruhi, na Mzee Gia akaanza kupiga mluzi mdogo wa ushindi.

Ndipo mlango ukagongwa kwa adabu, mara mbili, na akaingia mlinzi wa lango letu. Alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini hivi, mwembamba, mwenye kofia ya kazi aliyoivua kabla hajakanyaga kizingiti, na kidevu kilichojaa vipele na mikwaruzo ya wembe, kwa kuwa sheria ya jengo ilimtaka anyoe kila siku.

"Hodi wakubwa. Shikamoo, Mama Katibu."

"Marahaba, baba."

"Samahani kuingilia kikao. Nimesikia kelele kutoka getini, kwamba mnatafuta waya wenye vichwa vinavyofanana. Mimi ninao huu." Akautoa kwenye mfuko wa koti, mweusi, mfupi, ameukunja vizuri na kuufunga kwa uzi. "Ninahamishia nyimbo kwenye redio yangu ya getini. Unapitisha kila kitu."

Katibu aliupokea kwa mikono miwili. "Ubarikiwe. Kaa, usisimame. Kaa hapo."

Mlinzi akakaa kwenye ukingo wa kigoda, nusu tako, tayari kuondoka.

Waya mweusi ukaingia kwenye kisanduku. Ukaingia kwenye simu. Tukashika pumzi zetu, hata pacha mmoja akaacha kunyonya kidole. Na kwenye kioo cha simu hakukutokea kitu. Hakuna *inachaji*, hakuna tusi, hakuna salamu. Simu na kisanduku vilitazamana kama wakwe wasiozungumza.

"Kaka!" Katibu aliita.

"Nipo. Ingia kwenye mipangilio ya simu. Tafuta palipoandikwa OTG. Washa hapo."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Ruhusa tu. Simu yako haimwamini mgeni mpaka wewe mwenye nyumba useme apite."

Basi akaingia kwenye mipangilio, na ile ilikuwa safari. Alipita nchi ya Skrini na nchi ya Betri. Alivuka Usalama, ambako alidaiwa namba ya siri na akaitoa. Alipotea kwenye Maandishi, akagusa pasipotakiwa, na ghafla kila neno likawa kubwa kama kikombe, hata kwenye kioo kizima likawa linaenea neno moja na nusu. Mtu dhaifu angezima simu. Yeye alisema tu, "Afadhali, sasa naona," akaendelea kuteremka, neno baada ya neno, kidole kikipanda na kushuka kama kasia, mpaka mwisho kabisa wa orodha, chini ya mambo ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuyagusa, akaziona zile herufi tatu zimejibanza. Akazigusa.

Taa nyekundu ikazimika. Ikawaka ya bluu.

Sijui niseme nini kuhusu bluu ile. Ilikuwa nukta ndogo tu, lakini Mwenyekiti aliinuka kutoka kwenye sofa bila kujua kwamba ameinuka, na sauti ya wazi ya kaka ikauliza, "Vipi? Vipi huko?"

Katibu akavaa hedifoni. Zikamfunika masikio na nusu ya mashavu. Akagusa kitufe cha kucheza rekodi. Akakunja uso: kimya. Akashika kifundo cha sauti, akakizungusha hadi mwisho. Na hapo, katika sekunde ileile, rekodi ikafika mahali ambapo Mwenyekiti, jioni ile ya mvua, aliigongagonga simu kwa kidole akiuliza, "Hiki kitu kinarekodi kweli?"

Katibu aliruka. Naapa, alitoka kwenye kiti mwili mzima, hedifoni zikamteremkia shingoni, na sote tukayasikia kutoka mbali mapigo yale, *du! du! du!*, na swali la Mwenyekiti likinguruma kama linatoka mawinguni.

"Inafanya kazi," Katibu alisema, akishikilia kifua.

Akapunguza kifundo kwa heshima. Akavaa tena. Akasogeza mbele rekodi: kifungu cha kwanza, cha pili, bomba linalolia, taka, taa ya ngazi. Tulikuwa tunamsoma usoni kama watu wasomao barua ya mwenzao kwa nyuma ya karatasi. Midomo yake ilikuwa ikitembea. Mvua ilikuwepo, alisimulia baadaye, lakini ilikuwa imesogezwa pembeni, upande wa dirisha, mahali pake. Na katikati ya chumba, Mwenyekiti alikuwa akizungumza.

Akasimamisha. Akarudisha. Akasikiliza tena, macho yamefumbwa. Mara ya tatu.

Kisha akazivua hedifoni, na wala hakutangaza. Aliinuka, akazunguka meza, akazipeleka kwa Mzee Gia pale dirishani kadiri waya ulivyoruhusu. "Sogea, mzee wangu. Sikiliza mwenyewe."

Mzee Gia alivua kofia, akainama, akavaa. Katibu akabonyeza. Tuliuona uso ule wa barabarani ukibadilika, kwanza kiburi, halafu umakini, halafu kitu kama aibu ya mtu aliyepita njia panda yake kilomita arobaini nyuma.

"*Paa litumike kwa kufua*," alirudia taratibu. "*Maana kamba za chini hazitoshi.*" Akazivua. "Nimesikia. Lakini… Mama Katibu, mimi si mwongo. *Kufuga* nililisikia. Walahi nililisikia."

Na hapo ndipo, enyi wasikilizaji, vita vilipopaswa kwisha. Ameshinda. Jina lake liko safi. Angeweza kuzima simu, akapokea makofi, akachemsha chai. Nani mwingine angekuwa na haja ya kusikia zaidi? Lakini mpiga chapa hawezi kuacha ukurasa bila kuusoma hadi chini. Alimtazama yule mzee, akaona kwamba kweli hadanganyi.

"Basi tuendelee kidogo," alisema, akavaa tena hedifoni, akaiacha rekodi itembee.

Alisikia kiti chake mwenyewe kikisogea. Alisikia hatua zake zikienda upande wa mvua. Alikumbuka, alikwenda kufunga dirisha kwa kuwa maji yalikuwa yanaingia kwenye zulia. Alisikia komeo likigoma. Na akiwa kule, amewapa mgongo watu, kalamu ikiwa mezani, alimsikia Mwenyekiti akiuliza, na watu wakijibu.

Rangi ilimtoka usoni. Hakuna kati yetu aliyesikia kitu. Hedifoni ni moja, na masikio yaliyokuwa ndani yalikuwa yake tu. Alizivua. Akatengeneza ukingo wa kitambaa uliokuwa umenyooka tayari.

"Kipo kifungu cha saba," alisema.

"Kifungu cha saba ni michango ya taa," alisema Mwenyekiti.

"Hicho nilikiita cha saba mimi. Ni cha nane. Cha saba sikukiandika. Nilikuwa nafunga dirisha." Akamgeukia mlinzi. "Baba, uliomba kitu kwa Mwenyekiti, kabla ya mkutano ule?"

Mlinzi akainuka haraka, kofia mkononi. "Ah, mama, lile ni jambo dogo. Niliomba tu, kama ingewezekana, niruhusiwe kufuga ndevu. Wembe unaniletea vipele. Nilisoma ubaoni sikuliona, nikajua limekataliwa. Nikasema basi, wakubwa wameamua."

"Halikukataliwa," Katibu alisema. "Lilipita. Watu wote walikubali, kila mmoja akadhani nimeandika. *Ruhusa ya kufuga imetolewa*, ndivyo ilivyosemwa. Umenyoa wiki sita bure kwa sababu yangu."

"Kufuga!" Mzee Gia alipaza sauti, akapiga paja. "Si niliwaambia? G ilikuwepo!"

"Ilikuwepo," Katibu alikubali. "Lakini ilikuwa ya ndevu, mzee wangu, si ya bata." Akalifungua daftari, akatoa ndani yake bahasha, akaiweka mbele ya Mwenyekiti. "Niliahidi kwamba nikiacha herufi nitaondoka. Sikuacha herufi. Nimeacha kifungu kizima. Barua hii hapa."

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti aliitazama bahasha kama mtu aliyepewa mtoto wa watu amshike. Aliyeichukua ni Mzee Gia. Aliipima mkononi, na sauti yake, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, haikushindana na injini yoyote.

"Mama Katibu, wewe ulikuwa umeshashinda. Mimi nilikuwa nimeshanyamaza. Ukaendelea kutafuta mpaka ukajikuta mwenyewe. Sasa mtu wa namna hiyo tukimwachia aende, tutamwamini nani atuandikie?" Akaichana bahasha mara mbili, akavitia vipande kwenye mfuko wa shati. "Bata wangu nitawapeleka kwa dada yangu kesho. Ana uwanja. Na shuka, Mama Pacha, nitazifua mimi."

"Utazifulia wapi?" Mama Pacha akauliza.

"Juu ya paa," akajibu kwa unyonge, na hapo kicheko kikapasuka hata mapacha wakashtuka wakalia.

Mlinzi hakucheka sana. Alikuwa amekishika kidevu kwa vidole viwili, anakipapasa polepole. "Kwa hiyo, mama, naanza lini?" aliuliza.

"Ulishaanza, baba. Wiki sita zilizopita. Ni ndevu tu zimechelewa."

"Dada!" ililia sauti kutoka simu ya Mwenyekiti, iliyosahauliwa juu ya sofa. "Jamani, imekubali au haijakubali?"

"Imekubali, kaka," Katibu alisema, na wote tukamsikia akitabasamu.

Hivi ndivyo ilivyokuwa, na mimi nilikuwepo. Jumatatu nilishuka ngazi kwa haraka ili niwe wa kwanza kusoma jinsi siku ile ilivyoandikwa, nikitegemea kurasa tatu, pengine nne. Kulikuwa na marekebisho ya kifungu cha saba, yenye samahani ya mwandishi kwa maneno kumi na mawili. Na chini yake, kwa mwandiko ulionyooka, mstari mmoja: *Saa tisa na dakika arobaini na saba simu iliunganishwa na kisanduku, sauti ikasikika.*

Mstari mmoja! Inachaji haimo, safari ya mipangilio haimo, nukta ya bluu haimo! Nilikwenda kumlalamikia. Alinitazama juu ya miwani yake, akasema kwenye kumbukumbu huandikwa kilichotokea, na kwamba hicho ndicho kilichotokea. Nikamwambia basi, mama, yaliyobaki nitayabeba mimi. Na leo nimeyatua mbele yenu: mjue kwamba katika jengo la milango minane, siku ya Jumamosi, saa tisa na dakika arobaini na saba alasiri, Mwenye Vidole Kumi Visivyotazamwa aliiunganisha simu na kisanduku, na tangu saa hiyo hakuna mtu kwenye ngazi yetu aliyewahi tena kuuliza kilichosemwa mkutanoni, huulizwa tu Katibu ameandika nini.